Miyombo Tisa ya Kilimani

Mwanangu Yoeli,

Salamu tutapeana kesho uso kwa uso kabla hujaondoka, kwa hiyo hapa naziacha. Mambo ya blanketi, dawa ya homa na maji ya kunywa njiani mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, nami sina la kuongeza. Ninakuandikia jambo moja tu. Nilipaswa kulisema leo tulipokuwa tunakula, lakini badala yake nilikuambia ule ugali kabla haujapoa.

Ulikuwa na furaha, nami sikulaumu. Kijana aliyepewa kazi ya ulinzi wa misitu katika umri wako ana haki ya kufurahi. Ulisema, "Bwana Miti amenipanga Busi, baba. Amesema huko kuna mzee mmoja mkaidi, mchuna magome, hakuna mlinzi aliyemweza. Nilipouliza jina, akanitajia mjomba Chidawali!" Ukacheka. Kisha ukasema, "Nitaanza na yeye. Nikimshika mjomba wangu mwenyewe, nani atasema nina upendeleo? Tena si ndiye aliyeiua miyombo ya kilimani hapa? Mtu wa namna hiyo haachi."

Mama yako aliinuka akaenda kutazama chungu kisichokuwa na kitu ndani. Wewe hukuona, kwa sababu ulikuwa unanitazama mimi, ukingoja nikusifu kwa uadilifu wako.

Mjomba wako hakuiua miyombo ile. Niliiua mimi.

Nitakueleza kwa utaratibu, ili usiniamini wala usinikatalie kwa sentensi moja.

Wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilikuwa na mwaka wa pili tangu niletwe kufundisha hapa, nami nilikuwa mwalimu pekee kutoka huku mpaka Zuzu. Shule ilikuwa kibanda cha miti mitupu, na watu wa misheni walitaka jengo la paa la nyasi, lenye mwinamo, si tembe kama nyumba zetu, nalo liwe tayari kabla ya mvua. Nguzo tulikuwa nazo. Fito tulikuwa nazo. Misumari hatukuwa nayo, na kitu cha kufungia fito mia kadhaa ni kamba.

Unajua kwetu kamba hutoka wapi. Hutoka katika gome la mbuyu. Hakuna mtoto wa huku ambaye hajaona mbuyu ukichunwa kuanzia magotini mpaka mkono unapoishia, pande zote, ukabaki mwekundu kama nyama, na baada ya miaka michache ukawa umevaa gome jipya, laini kuliko la kwanza. Baba yangu aliuchuna mbuyu mmoja mara tatu katika maisha yake, na mpaka leo mbuyu ule unazaa. Mimi nililelewa na jambo hilo. Sikuwahi kulitilia shaka, kama vile mtu asivyotilia shaka kwamba nywele zilizonyolewa huota tena.

Lakini mwaka ule mibuyu ya karibu ilikuwa imekwisha kuchunwa, na magome yake mapya yalikuwa bado membamba. Ikabaki miyombo, ambayo nayo hutoa kamba nzuri, pengine bora zaidi. Miyombo mikubwa ilikuwa tisa, yote kilimani nyuma ya shule. Hapo ndipo wazee walipofanyia tambiko la mvua, na hapo ndipo mjomba wako alipotundika mizinga yake ya nyuki kwa ruhusa yao, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa kukitunza kilima. Nilikwenda kuomba magome. Mzee Lemanya, aliyekuwa mkubwa wa baraza, hakunikatalia. Alisema, "Chukueni. Lakini mti ubaki mti."

Tukapanda kilima, mimi na mjomba wako, Jumamosi asubuhi. Yeye ndiye aliyekuwa na shoka na mkono wa kazi hiyo. Alikuwa mcheshi sana siku zile. Mimi na yeye tulitaniana kama shemeji wanavyotaniana, na ninakuambia hili kwa sababu hukuwahi kumwona akicheka.

"Shemeji," akasema, "nachuna upande mmoja tu, upana wa viganja viwili. Mti wa pili hivyo hivyo. Tutazunguka yote."

Nikamwambia, "Kwa viganja viwili tutamaliza paa Krismasi ya mwaka kesho."

"Basi watoto wasome juani. Jua lilishamwua Mgogo gani?"

"Chidawali, zungusha shoka. Gome litarudi."

Akaweka shoka chini. "Shemeji, mti unakula kwa juu. Chakula kinashuka hapa, ndani ya gome. Ukizungusha, mizizi inalala njaa."

Nikacheka. "Unakula kwa juu? Mdomo wake uko wapi, kwenye jani?"

"Mdomo sijauona. Nimeona miti iliyozungushwa."

Ndipo nikachukua kipande cha mkaa, nikamchorea juu ya jiwe. Nikachora duara, na ndani yake duara, nikamfundisha kama ninavyofundisha darasani: mizizi hunywa maji, maji hupanda ndani ya mbao mpaka kwenye majani, na kiini cha katikati ndicho moyo wa mti. Gome ni nguo tu. Nikamwambia, "Tazama mbuyu. Unavuliwa nguo, wala hauugui."

"Mbuyu ni mbuyu," akajibu. "Mbuyu hata ukiukata kichwa unakutazama tu. Nyoka akivua ngozi anapona. Ng'ombe ukimchuna ngozi, je, atakwenda machungani?"

Lilikuwa jibu bora kuliko somo langu. Nalijua sasa, na nadhani hata wakati ule nililijua kidogo, maana nilikasirika. Mtu hakasirikii upuuzi. Nikamwambia, "Mimi nimesoma."

Akaokota shoka. "Haya, Mwalimu," akasema. Tangu saa ile hakuniita shemeji tena.

Aliichuna yote tisa, pande zote, kama nilivyoamuru. Gome la myombo likiwa na maji hutoka kwa urahisi, kwa sauti kama ya nguo inayochanwa. Chini yake mti huwa unyevu na unateleza. Niliupitisha mkono wangu pale, utelezi ukanijaa vidoleni, nikaufuta kwenye suruali. Wewe umefundishwa utelezi ule ni kitu gani. Ni tabaka jembamba kuliko karatasi, na ndilo linalojenga mti wote: kila mwaka huongeza mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Kiini nilichokiita moyo ni sehemu iliyokwisha kufa. Kinabeba uzito tu. Uhai wa mti uko pembeni kabisa, mahali ambapo shoka hufika kwanza. Nami niliufuta kwenye suruali kama makamasi.

Sasa sikiliza jambo lililonidanganya. Somo langu lilikuwa na nusu ya ukweli. Maji kweli hupanda ndani ya mbao, na mbao hatukuzigusa. Kwa hiyo mwaka uliofuata, kabla ya mvua, miyombo yote tisa ilichipua majani yake mekundu kama kawaida, ikageuka kijani, kilima kikapendeza. Paa lilikuwa limekwisha, na wageni wa misheni walilisifu. Nilimpeleka mjomba wako nje ya shule, nikamwonyesha kilima. "Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu. Inakula akiba."

Nilidhani ni ukaidi. Kumbe alikuwa anasema jambo lilivyo. Mizizi ilikuwa na chakula ilichowekewa zamani, ikakitoa chote, na chakula kipya kutoka kwenye majani hakikuwa na njia ya kushuka. Mwaka wa pili machipukizi yalikuwa machache na madogo. Mwaka wa tatu hakuna mti uliochipua. Nyuki wakahama. Na mwaka huo huo mvua ilikawia, ikanyesha mara mbili, ikakatika, mtama ukakauka ukiwa kimo cha goti.

Sitaki ufikiri kwamba ninaamini mvua ilikatika kwa sababu ya miti ile. Lakini watu walikuwa na njaa, na mahali pao pa kuombea palikuwa pamesimama mifupa tisa myeupe. Walikuwa na haki ya kuuliza.

Baraza likakaa chini ya kilima. Wanaume walikaa chini na juu ya mawe, nami nililetewa kiti kutoka shuleni. Mzee Lemanya akauliza, "Nani aliichuna?"

Mjomba wako akasimama. "Mimi."

"Si mliambiwa mti ubaki mti?"

"Tuliambiwa."

"Wewe mtu wa nyuki hujui kwamba mti ukizungushwa unakufa?"

"Ninajua."

"Sasa kwa nini uliizungusha?"

Yoeli, hapo ndipo aliponitazama. Hakunitazama kwa kunishtaki. Alinitazama kama mtu aliyeshika upande mmoja wa gogo zito, anangoja mwenzake ashike upande wa pili ili walinyanyue. Nami niliviangalia viatu vyangu.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya shule. Ningesema, wazee wangewatoa watoto wao, na shule ingefungwa. Ni sababu nzuri, na imenilaza usingizi mara nyingi. Lakini barua hii si mahali pake. Siku ile sikuifikiria shule hata kidogo. Nilichofikiria ni jinsi Mzee Lemanya atakavyocheka, na jinsi itakavyosemwa kila palipo na pombe kwamba Mwalimu hajui mti. Ni hilo tu. Nilimwacha mtu apotee ili nisichekwe.

Mjomba wako aliponiona sinyanyui uso, akawageukia wazee. Akasema, "Shoka lilikuwa langu."

Hakusema uongo, wala hakunitaja. Mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Tamaa ya mizinga hiyo! Alitaka magome ya mizinga!" Wengine wakaitikia, na mimi niliyejua kila kamba iliyofunga paa la shule imetoka wapi, nilisikia hayo nikiwa nimekaa kitini. Wakamtoza ng'ombe wa tambiko. Wakamwondolea ulinzi wa kilima. Wakamkataza kutundika mzinga popote huku kwetu, na kwa mtu kama yeye, kumkataza hivyo ni kumfukuza. Haikupita wiki, akapakia mizinga yake juu ya punda, akaenda Busi kwa ndugu za mkewe.

Jioni ile mama yako aliniuliza, "Umesema nini barazani?"

"Sikusema neno."

"Ndivyo nilivyosikia," akasema.

Hajaniuliza tena mpaka leo. Chidawali ni kaka yake wa tumbo moja, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikila chakula kilichopikwa na mtu anayejua.

Baada ya mwaka mmoja miti ile ilitolewa kwa ajili ya kuni, nami nilikwenda kutazama mmoja ulipoangushwa. Juu ya mahali palipochunwa shina lilikuwa limevimba pande zote, kama mdomo wa mtungi. Chini yake lilikuwa jembamba, limesinyaa. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Chakula kilikuwa kimeshuka, kikafika ukingoni, kikakosa daraja, kikajirundika pale pale. Nilisimama pale nikauelewa mti kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha ualimu.

Ungetazamia kwamba Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikasahihisha. Sikusahihisha. Niliendelea kufundisha kwamba gome ni nguo ya mti, kwa sababu kubadili somo kungewafanya watu waulize lilibadilika lini na kwa nini. Wewe mwenyewe uliliandika katika daftari lako kwa mwandiko mzuri, nami nikakuwekea alama ya vema. Na ulipotoka mafunzoni mwaka jana ukaniambia kwa adabu, "Baba, shikamoo, naomba nikuulize jambo. Kule tulifundishwa kwamba gome la ndani ndilo linaloshusha chakula," unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema, "Tangu lini mwanafunzi akamsahihisha mwalimu wake?" Ukaomba radhi. Yoeli, hukuwa na kosa. Radhi ile nilikuibia. Ninakurudishia.

Kesho kutwa utakuwa na nyundo ya kupigia magogo chapa na daftari la serikali, na watu watasimama ukipita. Watakuletea asali usiyoiomba. Watakuita Bwana. Mimi nilikuwa na chaki tu, na iliniharibu; sijui nyundo itakufanya nini. Jambo moja nililolipata kwa gharama ya mtu mwingine ni hili: watu wanaoishi na mti huwa wamekwisha kuutazama kwa miaka mingi kabla yako. Hawatakuwa na maneno ya kitabu. Mmoja atakuambia mti "unalala njaa," nawe utataka kucheka. Muulize ameona nini. Pengine atakuwa amekosea, maana hata mimi nilikuwa na mbuyu wangu. Lakini muulize.

Juu ya mjomba wako sikuombi umpendelee. Sijui anafanyaje kazi yake siku hizi. Mtu aliyefukuzwa kwa kosa asilolitenda aweza kuamua kulitenda. Nimewaona watu wa namna hiyo. Bwana Miti huenda amesema kweli. Nenda ukaitazame miti kabla ya kwenda nyumbani kwa mtu. Kovu la mti halipandi juu jinsi mti unavyorefuka, kwa sababu mti hurefukia nchani. Hubaki pale pale lilipopigwa, kwa hiyo utayaona yote, ya mwaka huu na ya zamani, kwenye kimo cha mkono wake. Tazama kama amezungusha. Tazama kama kingo za kovu zinakaribiana kufunga. Ukikuta anaua miti, mwandike katika daftari lako, ndiyo kazi uliyoapa kuifanya. Lakini usimwandike kwa sababu ya miti yangu. Ile haimo katika hesabu yake, na kama umekwisha kumweleza Bwana Miti habari za kilima hiki, itakubidi urudi ukamweleza upya, na jina langu ulitaje kwa ukamilifu.

Kwa upande wangu, ukishaondoka nitakwenda kwa Mzee Lemanya. Amezeeka mno na masikio yake yamekwisha. Itanilazimu kusema kwa sauti kubwa, na nyumba zote za jirani zitasikia. Nimefikiri kumwomba tuketi faraghani, kisha nikaona kwamba hapo ndipo nitakapoanza tena ujanja. Atacheka au hatacheka. Wanafunzi wangu wa zamani ni wengi hapa kijijini, na baadhi yao wana watoto darasani mwangu sasa. Sijui kama watawaacha kwangu. Nikiambiwa niache shule, nitaiacha. Mama yako nitamwambia asubuhi, ijapokuwa yeye ndiye asiyehitaji kuambiwa.

Kuna kazi moja ninakupa, nayo ni nzito. Mjomba wako hajui kusoma. Nilikuwa nimeahidi kumfundisha. Tulikuwa tumefika herufi ya tano. Kwa hiyo barua hii, ijapokuwa imeanza kwa jina lako, itakubidi umsomee wewe kwa kinywa chako. Ukifika, mwamkie kama mpwa anavyomwamkia mjomba wake, ule atakachokupa, ungoje mpaka yeye mwenyewe aulize habari za nyumbani. Kisha msomee yote. Usiruke mahali niliposema nilicheka. Usiruke habari ya viatu. Mahali nilipojitetea, kama pamebaki, soma polepole ili apasikie vizuri. Akikukatiza, nyamaza umsikilize, na usinitetee. Akikataa kusikiliza, usimlazimishe. Iache barua nyumbani kwake, kwa kuwa ni yake kuliko yako.

Nilimwandikia barua mara nne katika miaka hii, nikazichana zote, nikijiambia kwamba hakuna wa kumsomea. Sasa yupo, na sababu yangu imekwisha. Nilikuwa nimetaka umfikie bila mzigo wa baba yako. Ukiona ni mzito mno, lia njiani, si mbele yake.

Wewe unaweza kuniona mtu mwingine kuanzia leo. Sitakuzuia. Ulipokuwa unaongea jioni, nilimwona mtu mwenye hakika kamili, ameketi mahali pangu akitumia maneno yangu, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa barazani.

Mjomba wako akikuuliza kwa nini sikuja mwenyewe, usinitungie sababu. Mwambie kwamba kwenye lori lililokuleta nafasi ilikuwapo.

Baba yako,
Mwalimu Stefano